Chumvi, Tope na Uvungu wa Gari Jijini Nairobi

Barabara za Nairobi hazinyunyiziwi chumvi wakati wowote wa mwaka, kwani jiji hili, ingawa limejengwa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari na hushikwa na baridi ya mawingu na manyunyu kuanzia Juni hadi Agosti, halipati theluji. Hata hivyo, chumvi ya barabara za nchi za theluji huweza kufika Nairobi ikiwa imejificha uvunguni mwa magari yaliyotumika, ambayo Kenya huyaagiza kwa wingi kutoka Japani na, kwa kiasi kidogo, kutoka Uingereza. Inapokutana na tope jekundu la mitaa ya magharibi kama vile Kangemi, Kawangware, Dagoretti na Karen, chumvi hiyo huendelea kula chuma huku mwenye gari akiridhika na bodi inayong'aa. Kwa sababu hiyo, uoshaji wa gari katika jiji hili unafaa kupimwa kwa yale yanayofanyika chini: uvunguni, ambako kutu huanzia, na kwenye mfereji, ambako maji machafu huelekea.

Chumvi humwagwa barabarani katika nchi za baridi kwa sababu huzuia maji yasigande. Maji safi huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi, lakini yakichanganywa na chumvi ya kutosha, ile ile ya sodiamu kloridi inayotiwa katika chakula, yanaweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, na hivyo barafu huyeyuka na matairi hupata mshiko. Nchini Japani, chumvi hii na nyingine iitwayo kalisiamu kloridi hutumika hasa katika kisiwa cha Hokkaido na sehemu za kaskazini za kisiwa kikuu, na matumizi yake yaliongezeka baada ya sheria ya mwaka 1990 kupiga marufuku matairi ya misumari, ambayo yalikuwa yakikwangua lami na kujaza vumbi hewani. Gari lililopita majira kadhaa ya baridi katika maeneo hayo hurushiwa maji ya chumvi kila siku, nayo hupenya kwenye maungio ya mabati, kwenye vichwa vya bolti na ndani ya mihimili yenye uwazi ambamo mkono hauwezi kufika.

Madhara ya chumvi hiyo yanatokana na namna kutu inavyotokea. Kutu ni zao la chuma kinapokutana na maji na oksijeni, na katika mkutano huo chembe zenye chaji ya umeme husafiri kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine kupitia maji yaliyolowesha chuma hicho. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji safi, na kwa hiyo kazi ambayo maji ya mvua peke yake yangeifanya kwa miaka mingi huharakishwa sana. Jambo ambalo wenye magari wengi hawalitambui ni kwamba chumvi iliyokauka haijafa: sodiamu kloridi huanza kuvuta unyevu kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu huo unapozidi takriban asilimia 75, nayo kalisiamu kloridi hufanya hivyo hata katika hewa kavu zaidi. Kwa kuwa hewa ya alfajiri Nairobi mara nyingi huwa na unyevu unaozidi kiwango hicho, chumvi iliyosafiri kutoka Hokkaido inaweza kuamka kila asubuhi katika maegesho ya Lavington au Kilimani, bila tone la mvua kuanguka.

Sheria za uagizaji hupunguza tatizo hili lakini haziliondoi. Viwango vya Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, tena lenye usukani upande wa kulia, na hutaka likaguliwe kabla ya kupakiwa melini kuelekea Mombasa. Miaka 8, hata hivyo, inatosha kabisa kwa kutu kuota mizizi. Mnunuzi mwangalifu huomba karatasi ya mnada wa Japani, ambayo mkaguzi huiandika alama za kasoro, ikiwemo herufi S kwa kutu ya juujuu na C kwa kutu iliyokwisha kula chuma, kisha hulipeleka gari kwa fundi mwenye shimo au jeki kubwa ili atazame mabomba ya breki, vikalio vya springi, bomba la moshi na maungio ya sakafu. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa uvungu mzima inastahili kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa inaweza kuwa kinga halisi au pazia la kuficha uharibifu.

Gari likishafika Nairobi, hukabiliwa na udongo. Upande wa mashariki na kusini mwa jiji umetandwa na udongo mweusi unaovimba unaponyeshewa na kupasuka unapokauka, ilhali upande wa magharibi una udongo mwekundu wa kina uliotokana na kumeng'enyuka kwa miamba ya volkeno, na wekundu wake hutokana na oksaidi za chuma, yaani misombo ya chuma na oksijeni. Chembe za mfinyanzi katika udongo huo ni ndogo sana, chini ya sehemu mbili kati ya elfu moja za milimita, na ndiyo maana hushikamana na kila kitu na kushika maji kwa muda mrefu. Wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, tope hilo hurushwa na magurudumu hadi ndani ya madigadi na kujazana nyuma ya plastiki za kinga, ambako hubaki limeloa kama bendeji mbichi juu ya kidonda, hata baada ya barabara kukauka. Gari lenye chumvi ya zamani likipata tope la aina hiyo, huwa limepata vyote viwili vinavyoiharakisha kutu: kichocheo na maji yasiyokauka.

Uoshaji unaofaa hufuata mpangilio unaotokana na sababu hizo. Gari huegeshwa kivulini na kuachwa hadi injini na diski za breki zipoe, kwani maji baridi yakimwagwa kwenye chuma cha moto huweza kukipinda. Tope lililokauka halipanguswi kwa kitambaa, kwa sababu mchanga uliomo ndani yake ni mgumu kuliko rangi na utaichora. Hulainishwa kwanza kwa maji na kuachwa dakika chache. Kisha huanza kuoshwa uvungu na madigadi, ambapo mpira wa maji au mashine ya presha huelekezwa kwenye mihimili, nyuma ya magurudumu na kwenye pembe zote hadi maji yanayotoka yawe safi. Mwenye mashine ya presha hapaswi kuisogeza karibu mno wala kuielekeza kwenye mapezi ya rejeta, viungo vya nyaya za umeme, beringi za magurudumu au mipira ya milango, kwa kuwa nguvu ile ile inayong'oa tope huweza kusukuma maji mahali yasipotakiwa. Vitundu vidogo vilivyo chini ya milango na mihimili ya pembeni vikaguliwe na kuzibuliwa, maana viliwekwa na watengenezaji ili maji yatoke, na vikizibwa na tope mlango huoza kutoka ndani.

Baada ya hapo ndipo bodi huoshwa, kuanzia paani kushuka chini, kwa ndoo mbili: moja yenye sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotolewa usirudishwe kwenye rangi. Sabuni ya unga ya kufulia nguo, ambayo hutumiwa na wengi kwa sababu ni rahisi kupatikana, huondoa nta inayoikinga rangi, na kwa hiyo sabuni laini iliyotengenezwa kwa ajili ya magari ni bora kwa matumizi ya mara kwa mara. Nyumba nyingi za Karen, Lavington na Kileleshwa hutumia maji ya visima virefu, ambayo huwa na madini mengi kuliko ya bomba la jiji, na yakiachwa yakaukie juani huacha madoa meupe kwenye vioo na rangi. Dawa yake ni kukausha kwa kitambaa mara tu gari linapomaliza kusuuzwa. Mwishowe gari huendeshwa polepole kwa umbali mfupi na breki kukanyagwa taratibu mara kadhaa, ili diski zikauke.

Suala la maji ndilo linaloifanya kazi hii kuwa ya umma. Nairobi hutegemea kwa kiasi kikubwa bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, na wakazi wake wanaujua vyema mgao wa maji. Mpira unaotoa lita 15 kwa dakika, ukiachwa wazi dakika 20, humaliza lita 300, ilhali ndoo tano za lita 20 huosha gari dogo kwa lita 100. Maji hayo huondoka na mfinyanzi, sabuni, mafuta ya injini na vumbi la breki, na mahali pasipo na mfereji wa majitaka huishia katika Mto Nairobi na vijito vyake kama Kirichwa Kubwa. Mto huo huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri karibu na Kikuyu, hupita katika mitaa ya magharibi na kando ya katikati ya jiji, kisha huungana na Mto Athi ambao hatimaye humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Sheria imekwisha kulitambua jambo hili. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zilikataza kumwaga majitaka katika mazingira bila kibali cha mamlaka ya mazingira ya taifa, NEMA, na sheria ndogo za jiji za mwaka 2007 kuhusu kero za umma zilikataza kuosha magari mahali pasipotengwa. Suluhisho lenyewe si la gharama isiyobebeka: sakafu ya saruji yenye mteremko, shimo la kwanza ambamo mchanga na mfinyanzi hutuama, na shimo la pili ambamo mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea na kuchotwa kabla maji hayajaingia mferejini.

Kuosha magari kunawalisha vijana wengi wa Kangemi, Kawangware na barabara ya Ngong, ambao hufanya kazi ndani ya maji kutwa nzima na wanastahili gambuti, glavu na malipo yanayolingana na kazi iliyofanyika. Anayelipia mng'aro wa bodi pekee huwafundisha waoshaji kuupuuza uvungu, na anayechagua mahali pa bei ya chini kabisa kando ya kijito huwazawadia wanaochafua maji ya wengine. Mwenye gari akiomba uvungu uoshwe kila tope linapozidi, akakubali kuulipia, na akauliza maji yanakwenda wapi kabla ya kutoa ufunguo, atalinda mabomba ya breki yanayobeba uhai wake na wa abiria wake, na atawasaidia waoshaji wanaoifanya kazi yao sawasawa kuendelea kuwa na wateja.