Ujumbe wa Simu Unavyofika Kyela

Tuseme mwanao yuko Dar es Salaam. Amekutumia pesa kwa simu ukanunue dawa. Unakwenda kwa wakala Kyela mjini. Wakala anabonyeza simu yake, anatikisa kichwa. "Mtandao hakuna," anasema. Pesa imekwama wapi?

Kwanza fikiria vyungu vya Wakisi. Akina mama wa Ikombe hufinyanga vyungu, huvipakia katika mitumbwi na kuvileta mnadani Lyulilo, karibu na Matema. Mtumbwi hauwezi kupanda barabarani. Kwa hiyo vyungu hupakuliwa ufukweni na kupakiwa kwenye gari. Chungu ni kile kile. Kilichobadilika ni chombo cha kukibeba. Pasipo mtu wa kupakua, vyungu vingebaki mtumbwini.

Ujumbe wa simu husafiri hivyo hivyo. Kutoka simu yako hadi mnarani hubebwa na mawimbi ya redio. Mbele ya hapo huweza kupita katika waya wa shaba au katika uzi wa kioo. Shaba hubeba umeme. Uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, hubeba mwanga. Nyuzi nyingi za namna hiyo zikifungwa pamoja ndizo huitwa mkongo. Mkongo wa Taifa ulianza kujengwa mwaka 2009, na umefika hata Kasumulu, mpakani na Malawi.

Lakini ujumbe huchoka njiani. Katika waya wa shaba wa kuunganisha kompyuta, mafundi hawapitishi mita 100, yaani kama urefu wa uwanja wa mpira. Ukizidi hapo ujumbe hufifia na kuchanganyika na vurugu za umeme mwingine. Ndiyo maana huwekwa kisanduku kiitwacho swichi. Je, swichi hupaza sauti tu? Hapana. Mvuvi akikuita kutoka mbali, nawe ukapaza kila ulichosikia pamoja na mlio wa mawimbi, mtu wa tatu hataelewa kitu. Sharti ulisikie neno, kisha ulitamke upya. Swichi hufanya hivyo, halafu huupeleka ujumbe kwenye waya wa yule anayehusika peke yake. Kisanduku kingine, ruta, hukaa pale mitandao miwili inapokutana na kuuchagulia ujumbe njia.

Sasa chukua zahanati yenye majengo mawili, mita 250 kati yao. Shaba peke yake haifiki. Unaweza kuweka swichi mbili njiani, lakini nani ataweka kisanduku cha umeme chini ya mwembe, na mvua zetu hizi za Kyela? Afadhali uzi wa kioo. Kila upande huwekwa kigeuzi. Hiki ndicho mpakuzi wetu wa ufukweni: hupokea umeme na kutoa mwanga, na cha upande wa pili hupokea mwanga na kutoa umeme. Tena kioo hakipitishi umeme. Radi ikipiga jengo moja, haitaufuata uzi wa kioo hadi jengo la pili kama inavyoufuata waya wa shaba.

Mwanga nao huchoka, ila baada ya safari ndefu zaidi. Katika mikongo mikubwa hutiwa nguvu kila baada ya kilomita kama 80. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, basi hesabu mwenyewe vituo vinavyohitajika. Kila kituo kinataka umeme. Umeme ukikatika na betri zikaisha, ujumbe husimama hapo ingawa mkongo ni mzima.

Au mkongo wenyewe umekatwa. Mtu amechimba mtaro kando ya barabara bila kuuliza. Mwingine amechimba akidhani ataiba shaba. Ndani hakuna shaba ya kuuza, ni kioo. Penye njia mbili, ruta huugeuzia ujumbe njia ya pili. Penye njia moja, mnasubiri wote: wakala, zahanati, na mnunuzi wa kokoa.

Ukiona mkongo umekatika, usiushike, wala usichungulie ncha yake. Vipande vya kioo huchoma ngozi, na mwanga wake hauonekani lakini huweza kuumiza jicho. Mwite mwenyekiti wa kijiji awaarifu wenye mkongo. Kioo hakifungwi kwa kusokotwa kama waya. Fundi husafisha ncha mbili, huzikutanisha ndani ya mashine ndogo, na mashine huziyeyusha zikashikana. Uzi mmoja huchukua dakika chache, lakini nyuzi ni nyingi.

Na pesa yako? Haikukwama ndani ya waya. Imeandikwa katika kompyuta za kampuni ya simu. Mwambie mwanao aangalie salio lake kwanza, asitume mara ya pili.