Ganzi ya Mikono na Ugonjwa wa Akromegali

Mtu mzima haongezeki tena kimo wala mikono. Basi pete ya ndoa ikikataa kuvuka kiungo cha kidole, viatu vya namba ile ile vikaanza kubana, na taya likasogea mbele, tusikimbilie kusema ni unene tu. Huenda ni akromegali, ugonjwa adimu uliopewa jina hilo na daktari Mfaransa Pierre Marie mwaka 1886. Kwa kawaida chanzo chake ni uvimbe usio wa kansa katika tezi ya pituitari, chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Huja polepole mno, hata watu wa nyumbani wasione, na wengi hugunduliwa baada ya miaka mingi.

Mwezi huu tutazame ganzi inayofuatana nao. Mgonjwa huamka usiku akikung’uta mkono. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinachomachoma kama sindano. Mchana kikombe humponyoka. Katika kifundo cha mkono mna njia nyembamba ambamo mshipa wa fahamu hupita kwenda vidoleni. Mtu angedhani mifupa iliyonenepa ndiyo inayoubana. Lakini picha za MRI zimeonyesha kwamba mshipa wenyewe huvimba kwa maji, na hapo ndipo penye tumaini: mfupa uliokwisha kukua haurudi, bali maji hupungua.

Matibabu ni operesheni inayopitia puani kuondoa uvimbe, au sindano za kila mwezi kama oktreotaidi, na wengine huhitaji mionzi, ambayo hukawia miaka kuleta matokeo. Homoni ikishuka, mara nyingi ganzi ya mikono hulegea katika wiki chache. Wapo ambao pete yao hulegea siku chache tu baada ya operesheni!

Miguu ni habari nyingine. Ganzi ya nyayo hutokana na kuharibika kwa mishipa mirefu ya fahamu, nayo hupona polepole, pengine isiishe kabisa. Kadiri ugonjwa ulivyokaa muda mrefu bila tiba, ndivyo mishipa inavyoshindwa kurudi katika hali yake. Tena akromegali huweza kuleta kisukari, ambacho nacho huharibu mishipa hiyo hiyo. Kwa hiyo sukari ipimwe, na nyayo zikaguliwe kila jioni zisije zikawa na jeraha lisilosikika.

Wako wanaopasuliwa kifundo cha mkono kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za viatu na pete. Mwenye ganzi ya mikono yote miwili na amwonyeshe daktari picha yake ya miaka kumi iliyopita, aombe kupimwa damu. Na aliyekwisha kutibiwa, ganzi ikimrudia, asingoje siku ya kliniki: homoni huenda imepanda tena.