Moyo si Kisiki cha Mbuni (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi donge la damu linavyoziba mshipa unaolisha moyo, na nyama ya moyo iliyokosa oksijeni ikaanza kufa kabla hata saa moja haijaisha. Tangu hapo nimeulizwa swali lilelile Tunduma na Vwawa: ikiwa Hospitali ya Benjamin Mkapa kule Dodoma inawapandikizia uloto watoto wenye selimundu, mbona wagonjwa wa moyo hawapewi seli shina zilizomo kwenye uloto huo?

Jibu lianzie shambani. Mbuni ukizeeka, mkulima wa Mbozi huukata akabakiza kisiki, na machipukizi hutoka. Uloto una tabia hiyo: seli shina chache huzaa damu mpya maisha yote. Ini nalo likikatwa hukua tena. Moyo sivyo. Mwaka 2009 Jonas Frisén na wenzake wa Uswidi walifuatilia kaboni iliyotapakaa angani kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia, ikaingia kwenye vyakula na hatimaye ndani ya seli zetu. Kwa njia hiyo walijua umri wa seli za misuli ya moyo. Mtu wa miaka 25 huzibadilisha kwa asilimia 1 hivi kwa mwaka. Wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya hapo. Na shambulio moja kubwa la moyo laweza kuua seli bilioni 1.

Palipokufa hujaa kovu. Mtazame mguuni dereva wa bodaboda aliyewahi kuunguzwa na ekzosi: ngozi imefunga, inang'aa, ila vinyweleo havioti tena. Kovu la moyo nalo huushika ukuta usipasuke, lakini halidundi.

Mwaka 2001, Piero Anversa na wenzake nchini Marekani walitangaza kwamba seli za uloto zikidungwa moyoni hugeuka misuli. Baadaye wakadai moyo una seli shina zake wenyewe. Wagonjwa wakaingizwa kwenye majaribio. Maabara nyingine zikarudia kazi hiyo zisione misuli mipya, na Oktoba 2018 Chuo Kikuu cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's wakataka makala 31 za maabara hiyo zifutwe. Huniuma, maana wagonjwa walikuwa wametoa mioyo yao ijaribiwe.

Hata hivyo, panya waliodungwa seli hizo moyoni walipata nafuu kidogo. Kwa nini? Mwaka 2019 timu ya Jeffery Molkentin wa Cincinnati iliwadunga panya seli hai, na wengine seli zilizokufa. Nafuu ikawa ileile. Kinga ya mwili ndiyo iliyoamka: seli zinazokula mabaki zilikimbilia jeraha, na kovu likasukwa vizuri zaidi. Zile seli hazikuwa matofali, zilikuwa kengele.

Matofali yenyewe yanatafutwa Japani. Shinya Yamanaka, mshindi wa Nobel mwaka 2012, aligundua namna ya kuirudisha seli ya kawaida kwenye uchanga wake. Kutokana na seli za aina hiyo, Januari 2020 Yoshiki Sawa wa Osaka alimbandika mgonjwa utando wa misuli juu ya moyo. Ilikuwa kazi ya majaribio, ya chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo anayetaka kuuza magunia ya kahawa anunue vidonge vya "seli shina" asubiri kwanza. Seli hai haikai ndani ya kidonge kikavu, na hata ingekaa, tumbo lingeimeng'enya kama nyama nyingine yoyote.