Daktari Aliposema Hajui

Mtu akikuuliza barazani, "Sheikh, wasemaje hali?" jawabu yake ni moja tu: "Alhamdulillahi." Ukiwa mzima utajibu hivyo, na ukiwa umekesha kwa maumivu utajibu hivyo hivyo. Mimi nimelitoa jawabu hilo mara nyingi katika miaka mitatu hii, wala sikulitoa kwa uongo, kwani kushukuru ni wajibu katika kila hali. Lakini nyuma ya neno lile nimeficha mambo ambayo leo, baada ya kushauriana na mama watoto, nimeona heri niyaandike.

Ugonjwa wangu ni saratani ya utumbo mpana. Msomaji aliye na kikombe cha kahawa mkononi naaniwie radhi, kwa sababu itanibidi kutaja na choo.

Ulianza kwa damu. Niliiona nilipokwenda haja, nikajiambia ni bawasiri, maradhi waliyokuwa nayo wazee wetu wengi na hakuna hata mmoja aliyeyatangaza. Nikatumia habbasoda na asali, nikapunguza pilipili, nikanyamaza. Nilinyamaza miezi kumi. Chuoni tulifundishwa kwamba haya ni sehemu ya imani, na maalim wetu hakukosea; aliyekosea ni mimi niliyeichukua haya ile nikaifanya pazia la kujifichia daktari. Bawasiri hutoa damu, ni kweli, lakini hakuna awezaye kuitazama damu kwa macho akaapa kwamba hii ni ya bawasiri na ile ni ya saratani. Hayo niliambiwa nimekwisha kukonda hata kanzu zangu zote zimekuwa za mtu mwingine.

Basi nikapasuliwa. Kipande cha utumbo kikakatwa, kikatazamwa kwa darubini, na karatasi ikarudi na habari nzuri yenye mkia. Saratani ilikuwa imepenya ndani ya nyama ya utumbo, ila haikuonekana katika zile tezi ndogo ndogo zilizo kando yake, jamaa ya zile zivimbazo kinenani tukaziita mitoki. Lakini tezi zilizopatikana zikachunguzwa zilikuwa 9, na wataalamu wataka zisipungue 12 ndipo wawe na yakini kwamba ugonjwa haukutambaa. Tisa zilikuwa safi. Hizo ambazo hazikuonwa, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Daktari wangu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nikamuuliza kama nitiwe dawa za kuua mabaki ya saratani au niachwe nilivyo. Akanitazama, akasema, "Mzee, kwa hakika sijui."

Sitaficha kwamba nilitoka pale nimekasirika. Mtu amesoma miaka yote ile, amekula ada za wazazi wake, aje aniambie hajui! Mganga wa majini hasemi hajui. Yeye atakwambia papo hapo kwamba jini lako ni la baharini, lataka mbuzi mweusi na ubani, na siku ya kupungwa ni Alhamisi. Nilikwenda hata nyumbani nikinung'unika, na chakula sikukigusa.

Usiku ule ndipo nikakumbuka darasa letu la utotoni. Imamu Malik, aliyefariki Madina mwaka 795, anasifika hata leo kwa kuulizwa masuala mengi na mtu aliyetoka mbali, na yeye akajibu mengi katika hayo kwa kusema hajui. Sisi tulisoma habari ile tukaona ni elimu yake iliyomfanya aseme hivyo. Mbona kwa Imamu ni elimu, na kwa kijana wangu mwenye koti jeupe ni ujinga? Asubuhi nikarudi kwake na daftari.

Akanieleza. Uko utafiti mkubwa wa Uingereza, ulichapishwa mwaka 2007, ulioangalia wagonjwa zaidi ya 3,000, wengi wao wa daraja yangu. Katika kila wagonjwa 100 waliotumia dawa, ilikisiwa kuwa watatu au wanne hivi waliokoka kwa sababu ya dawa hiyo. Waliobaki, ama wangepona hata bila ya dawa, ama ugonjwa ungewarudia juu ya dawa. Na hakuna awezaye kukwambia wewe u katika fungu gani. Tena dawa zenyewe ni za namna mbili: vidonge peke yake, au vidonge pamoja na dawa ya mshipani ambayo aghalabu hutia ganzi vidoleni, na ganzi hiyo yaweza kumkaa mtu miaka. Nikavitazama vidole vyangu. Ni hivi vishikavyo kalamu, na ni hivi nihesabiavyo mizani za mashairi.

Nikaswali istikhara. Siku ya pili wenzangu wa barazani, ambao mmoja wao nilikuwa nimemdokezea, wakaniuliza: "Haya, umeota nini?" Wallahi sikuota kitu, isipokuwa nilimwota ami yangu marehemu akinidai shilingi ishirini. Watu wetu wengi wamefanya istikhara kuwa ni kungoja ndoto, ilhali dua yenyewe haina ndoto ndani yake. Mtu huomba aongozwe kwenye lenye heri na dini yake na maisha yake na mwisho wa jambo lake, kisha aridhishwe nalo. Baada ya hapo inambidi achague kwa akili yake, huku akitetemeka kama kawaida. Nikachagua vidonge peke yake, miezi sita. Viganja na nyayo vikawaka kama niliyekanyaga makaa, ngozi ikabambuka, nikamaliza.

Nikadhani nimemaliza na ugonjwa pia. Kumbe ndipo vipimo vilipoanza. Damu kila miezi mitatu, picha ya kifua na tumbo kila mwaka, na ile kamera iingizwayo kwa njia ya nyuma, mwaka mmoja baada ya kupasuliwa, kisha baada ya miaka mitatu ikiwa ya kwanza imetoka safi.

Kamera haina uchungu kama watu wadhanivyo, kwani mtu hulazwa usingizi. Lenye taabu ni lile la kusafisha matumbo jana yake. Huli kitu, hunywa dawa ya kuharisha hata ukatoa maji matupu, na huruhusiwi ila kinywaji unachoweza kuona ng'ambo yake. Maji ya dafu yamekubaliwa, bila ya nyama. Kahawa chungu nayo imekubaliwa, na hapo nilimshukuru Mungu kwa kuzaliwa Mombasa. Sharubati nyekundu ni marufuku, kwa sababu ndani ya utumbo huonekana kama damu. Na aliyepangiwa siku ya Ramadhani aombe ibadilishwe kama daktari aona hakuna dharura, kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi kitu kiingizwacho ndani kwa njia ile hufunguza saumu. Ikiwa haraka yahitajika, mgonjwa ana ruhusa yake na atalipa.

Kipimo cha damu ndicho kinitesacho. Huitwa CEA, na kiligunduliwa Kanada mwaka 1965 na madaktari Gold na Freedman. Ni kiasi cha namna ya protini ambayo saratani ya utumbo huimwaga damuni. Chini ya 5 ni salama. Yangu ilikuwa 2, ikawa 2 tena, kisha 4, kisha 6. Lakini mtu avutaye sigara huweza kupanda, na mwenye maradhi ya ini huweza kupanda, na wakati mwingine hupanda bila ya sababu ijulikanayo kisha ikashuka. Wako pia ambao saratani imewarudia na namba haikutikisika. Juma la kungoja namba hiyo silali vizuri. Mama watoto asema hujua siku zimekaribia kwa vile nikorogavyo kahawa isiyo na sukari.

Neno saratani ni la Kiarabu, maana yake kaa, na Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, kwa sababu mishipa iliyozunguka uvimbe iliwaonekea kama miguu yake. Sisi tuliocheza mikokoni twamjua mdudu huyo: waweza kusimama juu ya shimo lake nusu ya siku na usijue kama yumo au alihama zamani. Na ajabu ni kwamba neno lenyewe ni jepesi kwa kina cha -ni, ambacho kila malenga hukikimbilia akichoka, lakini mimi sijapata kulitia katika ubeti hata mmoja. Nimejaribu. Kalamu hugeuka ikaandika "moyoni".

Baada ya ile 6, picha ilionyesha doa pafuni, milimita 5. Lilikuwa dogo hata haliwezi kuchomwa sindano likatolewa kipande. Yaweza kuwa saratani iliyosafiri, yaweza kuwa kovu la kikohozi cha zamani. Hapo jamaa wakaja. Mpwa wangu aliye Maskati akapiga simu kwamba niuze minazi ya marehemu baba niende India. Mwengine akataka nipelekwe Nairobi kwa picha ya bei kubwa. Nikamuuliza kijana wangu, akasema hata picha hiyo haitegemewi kwa kitu kidogo kama kile. Yeye angengoja miezi mitatu alipime tena, likikua tulifuate, lisipokua tuendelee kulitazama. Nikamuuliza kama ana hakika. Akacheka, nami nikacheka.

Nimechagua kungoja. Wako wasemao ni ubahili wa minazi, na mmoja alisema ni kukata tamaa. Nimemweleza kwamba aliyekata tamaa hahesabu siku, na mimi nazihesabu kwa kidole. Picha ya pili doa halikukua, namba ikashuka hata 5 na nusu, ambayo si salama wala si hatari. Jumanne ijayo natolewa damu tena.

Limebaki la ndugu yangu mdogo. Ametimia miaka 47. Aliyezaliwa tumbo moja na mgonjwa wa saratani hii hutakiwa apimwe akifika 40, maana hatari yake ni kubwa kuliko ya watu wengine. Vivimbe vidogo vya utumboni vikionekana mapema hukatwa kwa kamera ile ile kabla havijageuka. Nilimwambia mara mbili, na mara zote mbili alijibu, "Kaka, mimi mzima, alhamdulillahi." Juzi alikuja baada ya isha, akakaa, akanywa kahawa vikombe vitatu bila ya kusema neno. Alipoinuka kwenda zake akasimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama madafu yale ni lazima yawe bila ya nyama yake.

Nikamwambia, maji tu.