Hesabu ya Bakteria Wanaogeuka Spora

Wafugaji wajua kwamba mahali alipofia mnyama wa kimeta huweza kuleta maafa baada ya miaka mingi. Sababu yake ilidhihirika mwaka 1876, Robert Koch alipoonyesha kwamba bakteria wa kimeta hugeuka spora, yaani hujifungia ndani ya maganda magumu, asile wala asikue. Walakini wanaochunguza kugeuka huko hupenda kumtumia jamaa yake wa udongoni asiye na madhara, Bacillus subtilis.

Bakteria huyu akishikwa na njaa huingia njia isiyo na marejeo. Kazi ya kutengeneza spora huchukua saa 7 au 8 hivi. Akiianza mapema mno, wenziwe huzaliana naye amelala. Akichelewa, nguvu humwishia kabla ya kuimaliza. Tena liko sharti: lazima awe na nakala mbili kamili za kromosomu yake, moja ya kutiwa katika spora, na moja ya kubaki katika seli mama, ambayo huijenga spora hiyo kisha ikafa. Aitambueje saa hiyo, naye hana ubongo?

Mwaka 1991 ilielezwa jinsi fosfati inavyopokezwa kama ndoo ya maji mkononi mwa watu: KinA huipa Spo0F, nayo Spo0B, nayo Spo0A, iliyo mwenye amri. Mwaka 2015 akina Oleg Igoshin na Gürol Süel, huko Marekani, waliieleza kazi hiyo kwa milinganyo ya hesabu. Hapo ukaonekana uzito wa jambo moja: Spo0F ikizidi mno huizuia KinA. Jeni ya Spo0F iko karibu na mahali kromosomu inapoanza kunakiliwa. Ya KinA, karibu na mwisho. Basi wakati wa kunakili, jeni za Spo0F huwa mbili dhidi ya moja ya KinA, na amri hufifia. Nakala ikitimia huwa mbili kwa mbili, na Spo0A huchomoza ghafla.

Jeni ya Spo0F ilipohamishiwa karibu na mwisho wa kromosomu, mchomozo huo ulitoweka, kama hesabu ilivyobashiri.

Njaa nayo ina sehemu yake. Seli ikikua polepole, KinA hulimbikizana ndani yake, na kila mchomozo hupita uliotangulia, hata kiwango cha kuanza spora kikafikiwa.