Nyaraka za Askari Marehemu: Kabla ya Kuzikabidhi Zinakiliwe

Katika masanduku ya familia za Sumbawanga na vijiji vya uwanda wa Ufipa huenda bado zimo karatasi za wazee waliotumikia jeshi: cheti cha kuachishwa kazi cha King's African Rifles, barua ya malipo, picha iliyofifia, au hati za aliyepigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979 akiwa katika JWTZ. Makala hii inamlenga mrithi anayetaka kulipia huduma ya kuziingiza nyaraka hizo katika kompyuta.

Sababu ya kufanya hima ni nzito. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliitwaa Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Na tarehe 25 Novemba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Pande zote mbili zilibebwa na migongo ya wapagazi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliofariki kwa ajili ya vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kwa familia ya mpagazi, karatasi inayoliwa na mchwa yaweza kuwa mahali pekee palipoandikwa jina la babu.

Hatari ya kwanza, hata hivyo, si mchwa bali ni nia njema. Mteja huifikisha hati ya zamani kwenye duka la steshenari na kuomba ifanyiwe laminesheni ili idumu. Tunasihi isifanywe hivyo. Joto la mashine huigandisha karatasi na plastiki, na kuitenganisha tena bila kuichana ni kazi ngumu mno hata kwa mtaalamu. Seloteipu nayo huacha doa la njano. Bahasha safi ya karatasi, ndani ya kasha lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na moshi wa jikoni na unyevu wa masika, inatosha.

Mwambie mnakili atumie skana kwa nukta zisizopungua 300 kwa inchi, kwa rangi, pande zote mbili, hata upande unaoonekana mtupu, kwani nambari ya jeshi au mhuri huweza kuwa nyuma. Kaa naye hadi amalize; hati halisi isilale dukani. Nakala uzipokee katika flashi yako, kisha ushuhudie zikifutwa katika kompyuta yake. Kuzituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida hupunguza ubora wake, hivyo hiyo isiwe nakala yako ya pekee.

Jina lihifadhiwe kama lilivyoandikwa. Makarani waliandika majina ya Kifipa kwa jinsi walivyoyasikia, na mtu mmoja aweza kuonekana kwa tahajia tatu. Ukisahihisha, unakata uzi wa kumfuatilia. Andika maelezo ya wazee kando: kijiji, jina la ubatizo, jina la utani.

Karatasi za marehemu hubeba pia taarifa za walio hai, kama vile mjane, watoto na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanyia nini. Muulize, na umtake aandike. Anayedai ada ya awali ili akufuatilie "fidia ya Uingereza" asipewe fedha wala hati halisi. Hati ya JWTZ yenye alama ya siri isinakiliwe dukani kamwe. Iulizie kwanza jeshini.

Familia inayotaka hati zake zihifadhiwe kitaifa iandikie Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ikiambatisha orodha na nakala tu. Hati halisi zibaki nyumbani hadi makubaliano ya maandishi yatiwe saini.