Deni la Dinari Mia

Mtu aliyekosewa akimwendea kiongozi wa kanisa na uchungu wake, mara nyingi huambiwa, "Samehe, yaishe." Hurudi nyumbani na mizigo miwili: kosa alilotendewa, na hatia ya kushindwa kusamehe. Mzigo huo wa pili haumpasi.

Katika Mathayo 18, Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi. Yesu anamsimulia habari za wadeni wawili. Wa kwanza anadaiwa na mfalme talanta 10,000. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Kibarua angehitaji miaka kama 200,000 kulipa deni hilo, lakini mfalme analifuta. Akitoka tu, mtu yule anamkaba koo mwenzake anayedaiwa dinari 100.

Tumezoea kuziona hizo dinari 100 kuwa vijisenti, kumbe ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema ulichotendewa ni kidogo. Ndugu akiuza shamba la urithi kwa siri, hilo ni deni la kweli. Neno la Kiyunani lililotumika hapo, afiemi, maana yake ni kuachilia, hata kuachilia deni, na deni halifutwi kabla ya kuhesabiwa. Anayesema "hamna shida" huku moyo unafukuta hajasamehe bado. Amefunika kaa kwa majivu.

Basi anza kwa kulitaja kosa mbele za Mungu, kama Zaburi zinavyolalamika bila kificho. Kisha fuata utaratibu uliomo katika sura hiyohiyo: mwendee mkosaji mkiwa wawili tu, asiposikia, nenda na mtu mmoja au wawili, akikataa, lipeleke kwa kanisa. Wengi wetu tunaanzia mwisho. Kwaya nzima inajua, jumuiya inajua, kundi la WhatsApp linajua, tena kwa jina la ombi la maombi, na mkosaji mwenyewe hana habari.

Kusamehe hakulazimishi kumwamini mtu papo hapo. Yusufu aliwapima ndugu zake kule Misri, na hakujitambulisha mpaka Yuda alipojitoa awe mtumwa badala ya Benyamini. Vivyo hivyo, mke anayepigwa anaweza kumsamehe mumewe na bado akaondoka, akaripoti kwenye dawati la jinsia la polisi. Msamaha huondoa kisasi, haufuti sheria.

Askofu Festo Kivengere wa Uganda aliyajua hayo. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa wakati wa utawala wa Idi Amin, aliikimbia nchi. Uhamishoni alikiri kwamba chuki ilikuwa imeanza kuutawala moyo wake, akaomba neema ya kumsamehe Idi Amin. Aliandika kitabu alichokiita I Love Idi Amin, wala hakuacha kuyakemea mauaji yale.

Kwa hiyo usizikane dinari zako 100. Zihesabu, zitaje kwa anayehusika, kisha zikumbuke talanta ulizofutiwa wewe, ndipo uachilie. Na uchungu ukirudi kesho asubuhi, usidhani kwamba jana hukusamehe. Achilia tena. Petro aliambiwa saba mara sabini, na pengine mara nyingi kati ya hizo ni kwa kosa lilelile moja.